Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayekuja Sendai: sushi tuiache kwanza

Mdogo wangu,

Salaam alaikum. Meseji zako zote nimezipata, na ile ndefu ya sauti nayo nimeisikiliza mpaka mwisho, hongera tena kwa ufadhili. Nimeamua kukujibu hapa hadharani manake sio we peke yako, kila mwezi wa nane ukifika naulizwa swali hilohilo na watoto wa watu wanaojiandaa kuja huku, ati dada tutakula nini, na ukiwauliza wao wanajua nini kuhusu chakula cha Japani unaambiwa sushi, tambi za pakiti, basi. Na we umeshapanga kubeba sembe kilo kumi. Lete kilo mbili, sikukatazi, bizari na iliki lete pia, ila nyama kavu ya shangazi usithubutu, uwanja wa ndege wanaichukua na maswali juu.

Sasa sikiliza. Sushi hapa watu wengi wanaila mkahawani au wananunua tayari siku ya shughuli. Nyumbani ni wali, supu ya miso, yaani soya iliyopondwa ikachachushwa na chumvi, samaki wa kuchoma au kitu cha kuchemsha, na achari kidogo pembeni. Na kinachoamua nini kipikwe ni mwezi. Yaani ukiingia supamaketi usiende na listi ya kichwani, angalia kile walichokijaza mlangoni kwa bei ya kutupa, hicho ndo cha kupika wiki hiyo, na ukishajua vitu vitatu vinne vya msingi utakula vizuri kwa pesa yako hiyohiyo ya mwanafunzi.

Utafika mwisho wa mwezi wa tisa, kwa hiyo unaanzia pazuri, vuli. Huo ndo wakati wa satoimo, na satoimo mdogo wangu ni majimbi. Yaleyale, ila madogo ya mviringo na yanateleza zaidi. Ukiyamenya mabichi mikono inawasha vilevile, kwa hiyo menya mikono ikiwa mikavu au yachemshe kwanza na maganda. Huku kaskazini kuna kitu kinaitwa imoni, watu wanaenda mtoni na sufuria kubwa, hapa Sendai ni mto Hirose, wanawasha kuni wanapika majimbi wanakaa kula palepale kwenye mawe. Maduka mengine yanauza kuni na kuazimisha masufuria kabisa msimu huo. Halafu kuna ubishi: sisi wa mkoa huu wa Miyagi eti ya kwetu ni ya nguruwe na miso, jirani zetu wa Yamagata ya ng'ombe na sosi ya soya. Mimi kwa sababu unazozijua niko upande wa Yamagata, nanunua ng'ombe wa halali, naweka majimbi, vitunguu majani vinene, uyoga, sukari kidogo, sosi ya soya, na sijawahi kusikia mtu akilalamika.

Lakini kabla ya yote hayo, dashi. Hii usiikwepe. Ndo mchuzi wa msingi, ukiukosa kila kitu kitakuwa na ladha ya sosi ya soya na maji. Mwani mnene mkavu unaoitwa kombu, mwingi unatoka Hokkaido, gramu kumi kwa lita moja ya maji, uloweke nusu saa au hata usiku kucha ndani ya friji, usiuoshe ule unga mweupe juu yake, futa tu na kitambaa. Bandika moto mdogo, ukiona viputo vidogo vinaanza kupanda kutoka chini ya sufuria utoe, usiache uchemke, utatoa ute na harufu. Halafu maji yachemke kidogo, zima, mwaga konzi mbili za katsuobushi, yule samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi akakwanguliwa vipande vyepesi kabisa, ngoja dakika moja mbili, chuja, usikamue. Itatoka rangi ya dhahabu, na harufu yake utaipenda siku ya kwanza au ya tano. Mwaka 1908 profesa mmoja wa Tokyo, Ikeda Kikunae, aliichunguza hiyo kombu akagundua kinacholeta ule utamu usio wa sukari ni glutameti, na baadaye mwanafunzi wake akaonyesha kuwa yule samaki mkavu ana chake kingine, na baadaye tena ikajulikana vikikutana viwili utamu unazidi hesabu. Ndo maana wanavichanganya. Ya unga ya pakiti pia ipo na nyumba nyingi ndo wanatumia siku za kazi, hakuna aibu.

Ila soma nyuma ya pakiti. Jifunze alama hizi kabla hujajifunza hata jina lako: 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe, 酒精 ni kilevi kinachoongezwa, na hiyo ya mwisho utaikuta kwenye miso na sosi ya soya nyingi tu, lakini zisizo nayo zipo rafu hiyohiyo. Mirin, ile pombe tamu ya mchele ya kupikia, ikiwa halisi ina kilevi kama asilimia 14, mi naiacha, naweka sukari na maji kidogo, mng'ao unapungua, chakula kinaliwa. Na kwenye vya kuchemsha sukari inatangulia, chumvi baadaye, sosi ya soya na miso mwisho, ukianza na chumvi sukari haiingii vizuri. Miso ukishaikoroga zima moto. Miso ya hapa Sendai ni nyekundu na kali ya chumvi, anza na nusu ya unachodhani.

Vuli hiyohiyo kuna sanma, samaki mrefu mwembamba anayeng'aa, anashushwa bandari kama Kesennuma hapahapa mkoani. Miaka ya karibuni amekuwa adimu na kuna msimu bei inakufukuza dukani, lakini ukimkuta wa bei nzuri chukua wawili. Mpake chumvi, mwache kama robo saa, futa maji yaliyotoka, mtie kwenye kile kidroo cha kuchomea samaki chini ya jiko la gesi. Figili nyeupe uikune, uikamue kidogo, tone la sosi ya soya juu, ndimu. Wenyeji wanamla na matumbo yake, uchungu wake ndo wanaousifia. We fanya unavyoweza. Na wali wa mchele mpya, maji punguza kidogo manake mchele bado una unyevu. Kikombe kinachokuja na jiko la wali ni mililita 180, usitumie kingine utaharibu vipimo. Hauwekwi chumvi, hauwekwi mafuta, nazi ndo sahau kabisa. Na mchele sio wa kumwaga ovyo: mwaka 2025 mfuko wa kilo 5 ulipita yeni 4,000, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, mpaka serikali ikafungua maghala ya akiba.

Baridi ikiingia kazi inakuwa rahisi, sufuria moja mezani kila mtu anachota. Figili inakuwa tamu na nono, ikate vipande vinene, ichemshe kwanza na maji ya kuoshea mchele, halafu kwenye dashi taratibu mpaka kijiti kipite bila kusukuma. Na seri, haya ni majani ya hapa hasa, mengi yanalimwa Natori jirani yetu, wanayauza na mizizi yake na mizizi ndo wenyewe wanaigombania. Bibi jirani yangu anaisafisha na mswaki, mzizi mmoja mmoja, anainamia sinki maji ya baridi yanatiririka na wala hana haraka, matope yakiisha inabaki myeupe kabisa. Kuku wa halali aliyegandishwa unampata, mpike kwenye dashi na sosi ya soya, seri unaichovya mwisho sekunde chache tu iwe bado inalia mdomoni. Tarehe 31 Desemba watu wanakula tambi za soba, siku zinazofuata ni vyakula vya mwaka mpya vilivyopangwa kwenye maboksi, hivyo ndo UNESCO walivigusia hasa walipouingiza upishi wa huku kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2013. Mi sivipiki, kazi ni nyingi na vingi vina sukari mno, naalikwa.

Majira ya machipuko utaona chipukizi za mwanzi dukani, takenoko, zimevaa maganda ya kahawia na kando yake kuna vipakiti vya pumba za mchele vya bure. Vichukue, sio chakula cha kuku. Chipukizi likishachimbwa linaanza kukaza na kuwa chungu saa hiyohiyo, kwa hiyo lichemshe siku uliyonunua, kata ncha, lichane ganda, pumba konzi moja, pilipili kavu moja, saa nzima, halafu liache lipoe kwenye maji yaleyale. Ukilipika na wali na dashi utanishukuru.

Kiangazi huku ni joto la jasho, hakuna mtu anataka moto. Tofu, ile kama jibini ya maziwa ya soya, baridi na tangawizi, tambi nyembamba za somen kwenye barafu, bilinganya. Kuna zunda pia, soya mbichi inachemshwa, inatolewa maganda na ile ngozi nyembamba, inatwangwa na sukari na chembe ya chumvi, inapakwa juu ya mochi, yaani madonge ya mchele wa kunata uliotwangwa, rangi ya kijani, Sendai ndo kwao.

Na umeboshi, yale matunda madogo ya ume, jamii ya plamu, yanayotiwa chumvi na kuanikwa, tutatengeneza wote, nimeshakuwekea mtungi. Ume zinashuka dukani mwezi wa sita, tunazitaka zilizoiva njano zenye harufu, kilo moja gramu 180 za chumvi, unatoa kikonyo kimoja kimoja na kijiti cha meno, unapanga na chumvi, unaweka uzito juu, baada ya siku chache maji yake yanapanda yenyewe. Majani mekundu ya shiso yanafuata ya kuzipa rangi. Halafu tunasubiri mvua zikate, mwisho wa mwezi wa saba, tunazianika kwenye ungo siku tatu, ni kama zile ndimu za achari alizokuwa akianika bibi juu ya bati. Likizo yenu ya chuo inaanza mwezi wa nane, kwa hiyo tiketi ya kwenda nyumbani usiikate kabla ume hazijakauka.

Dada yako