Ukishukia Chogoria, lala usiku mbili kabla ya kurudi Nairobi

Wateja wengi wanaopanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon na kushukia Chogoria hutuomba tuwarudishe Nairobi siku ile ile wanayofika getini. Sisi huwashauri walale usiku mbili kwenye mabanda yaliyo karibu na geti, na sababu iko kwenye mapaja.

Kutoka Point Lenana, kilele ambacho wapandaji wengi hufikia, mita 4,985, hadi geti la Chogoria unashuka takriban mita 2,000. Kushuka huumiza misuli kuliko kupanda: kila hatua paja hunyooka huku likizuia uzito wa mwili, na nyuzi zake huumia kidogo kidogo. Jioni utajiona mzima. Maumivu huanza kesho yake na kukolea kati ya saa 24 na 72. Yakikukuta umejikunja kwenye gari kwa saa kadhaa, utashuka Nairobi ukishikilia mlango, vifundo vya miguu vimevimba.

Ukifika, anza na mabuti. Toa soli za ndani, legeza kamba hadi chini, jaza karatasi za gazeti na uzibadilishe zikilowa. Yaanike penye upepo. Tafadhali usiyaweke mbele ya moto: gundi hulainika, ngozi hukakamaa ikapasuka, na soli itabanduka safari ijayo, mahali pasipo na fundi.

Lengelenge lisilouma liache. Likiwa kubwa na linauma, osha kwa sabuni, pangusa sindano kwa spiriti, toboa pembeni karibu na ngozi nzima, kamua maji polepole, kisha funika kwa plasta. Ngozi ya juu usiibandue, ndiyo kinga yako.

Kunywa maji mpaka mkojo uwe wa njano hafifu. Kabla ya hapo usimeze ibuprofen, maana ukiimeza mwili ukiwa umeishiwa maji inaweza kuumiza figo; panadol inatosha. Mkojo ukiwa mweusi kama kahawa na misuli imekaza vibaya, usisubiri kupambazuke. Hospitali ya PCEA Chogoria iko chini mjini, na gari letu litakupeleka.

Kama banda linatumia kuni booster, yaani tangi la kupasha maji ya kuoga kwa moto wa kuni, iwashwe mapema, na kwa kuni kavu. Kuokota kuni mbugani hakuruhusiwi, kwa hivyo sisi hubeba zetu kutoka mjini pamoja na unga, mayai, maharagwe na ndizi. Kula ndani ya saa moja baada ya kufika, hata kama hamu haipo.

Siku ya pili lala, inua miguu, na utembee polepole dakika 20 au 30 mahali tambarare ili damu izunguke. Rudi kabla ya magharibi, kwani msitu huu una ndovu na nyati.

Kuna jambo moja linaloharibu mapumziko kuliko yote: begi la nguo safi. Hutarudi Sirimon, kwa hivyo begi likiachwa hotelini Nanyuki, mji wa upande wa Sirimon, utafika bandani na nguo zilizolowa peke yake, na usiku wa karibu mita 3,000 una baridi kali. Funga begi hilo kando ukiwa Nairobi: ndala, sweta, suruali pana, soksi mbili kavu, taulo. Liandike jina na umpe dereva asubuhi ya kupanda. Yeye ndiye atakayezunguka nalo hadi Chogoria.