Barua kwa Rashidi: jinsi cheo cha Portland kilivyofika Nairobi

Mpendwa Rashidi,

Salaam nyingi, na natumaini nyumbani hawajambo wote. Barua yako imefika. Unauliza ilikuwaje Ferdinand Cavendish-Bentinck, mlowezi aliyekuwa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria la Kenya kuanzia 1955 hadi 1960, akawa Duke wa Portland mwaka 1977 (Duke ni cheo cha juu kabisa cha kurithi cha makabaila wa Uingereza), ilhali Duke aliyefariki hakuwa baba yake, wala kaka yake, wala ami yake.

Jibu limo kwenye hati. Vyeo vingi vya aina hii vilipoanzishwa, mfalme alitoa hati, na ndani yake mna maneno machache yanayotaja nani atarithi. Mara nyingi maneno hayo ni "warithi wa kiume wa mwili wake". Shika neno hilo, mwili wake. Ni mwili wa yule aliyepewa cheo mara ya kwanza, si wa marehemu wa juzi. Wengi hukosea hapa: hutafuta jamaa wa karibu wa marehemu, wakashangaa binti au mtoto wa dada kupitwa na mtu ambaye hawajawahi hata kumwona.

Ukitaka kumpata mrithi, anza kwa marehemu mwenyewe. Ana mwana? Mkubwa ndiye. Kama mkubwa alikufa lakini aliacha mwana, mjukuu huyo anasimama mahali pa babaye na kumtangulia ami yake. Usiipime kwa mirathi tuliyoizoea pwani, ambako mjukuu huzuiwa na ami. Wala hakuna mafungu, anayerithi ni mmoja tu na anachukua cheo kizima. Hakuna mwana wala mjukuu? Panda kwa baba wa marehemu, ushuke kwa wanawe wengine, mkubwa kwanza. Wamekwisha? Panda kwa babu. Endelea hivyo hivyo, mlango kwa mlango, ukipita kwa wanaume watupu, mpaka umfikie mtu aliye hai. Na marehemu akiwa ameacha mjane mjamzito, kila kitu kinasubiri mtoto azaliwe.

Sasa weka Portland hapo. Duke wa 7 alifariki Machi 1977 bila kuacha mwana; alikuwa amezaa mabinti tu. Milango ya karibu ilikuwa imekwisha, ikabidi kupanda hadi kwa Duke wa 3, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza na kufariki 1809. Huyo alikuwa na wana kadhaa. Duke wa 7 alitoka kwa mmoja wao, Lord Charles. Ferdinand alitoka kwa mdogo wa Charles, Lord Frederick. Wote wawili walikuwa vilembwe wa mzee mmoja, basi. Ferdinand alikuwa na miaka 88 alipokipata.

Alichopata ni jina. Mashamba na jumba la Welbeck, kule Nottinghamshire, yalikwenda kwa Lady Anne, binti wa Duke wa 7. Hili nalo uwaeleze wanafunzi wako mapema: cheo kinafuata hati yake, mali inafuata wosia na mikataba ya familia, na viwili hivyo vinaweza kuagana siku ya mazishi. Ferdinand alifariki Nairobi Desemba 1980, hakuacha mwana. Cheo kikaenda kwa mdogo wake Victor, aliyekuwa balozi wa Uingereza Poland baada ya vita. Mwana wa pekee wa Victor alikuwa amekwisha kufa 1966, kwa hiyo Victor alipofariki 1990, hakukuwa na Duke wa Portland tena.

Lakini Earl wa Portland yupo! Kwangu mimi hapa ndipo penye utamu wa jambo zima. Cheo cha Earl, kilicho chini ya Duke, kilitolewa 1689 kwa Hans Willem Bentinck, Mholanzi aliyekuja na Mfalme William wa Tatu. Cha Duke kilitolewa 1716 kwa mwanawe Henry. Hati ya 1716 inawahusu uzao wa Henry peke yao. Ile ya 1689 inawahusu uzao wote wa Hans Willem, na yeye alikuwa na mwana mwingine kwa mke wa pili, ambaye mlango wake ulikaa Uholanzi. Karne tatu karibu mlango huo ulikuwa pembeni kabisa. Mwaka 1990 mlango wa Henry ulipofungwa, cheo cha Duke kikafa naye Victor, cha Earl kikavuka kwa Henry Noel Bentinck wa mlango wa pili. Mtu mmoja amekufa, hati mbili zikasomwa, majibu mawili.

Una mfano mwingine huko huko Kenya. Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, aliuawa kwa risasi karibu na Karen Januari 1941. Alikuwa na mtoto mmoja, Diana, msichana wa miaka 15. Cheo cha Erroll ni cha Uskoti, na vyeo vingi vya zamani vya Uskoti hupita kwa mwanamke pasipo mwana. Diana akawa Countess, yaani Earl wa kike, wa Erroll. Ila Josslyn alikuwa pia Baron Kilmarnock, cheo cha chini ya Earl, cha 1831, kinachotaka wanaume tu. Hicho kilimwacha Diana kikaenda kwa ami yake Gilbert.

England nako kuna mabaroni wa zamani sana waliopata vyeo kwa kuitwa bungeni, bila hati ya aina ile. Vyeo hivyo binti anaweza kurithi akiwa peke yake. Wakiwa wawili, wote ni sawa, hakuna mkubwa, na cheo kinaning'inia mpaka Mfalme achague mmoja katika uzao wao. Cha Grey of Codnor kilining'inia tangu 1496 hadi 1989.

Hata neno moja likikosekana linatosha kubadili mambo. Hati ya Earl wa Devon ya 1553 ilisema "warithi wa kiume", ikaacha maneno ya Kilatini "de corpore", ya mwili. Edward Courtenay aliyepewa alikufa 1556 bila mke wala mtoto, watu wakahesabu kimekwisha. Mwaka 1831 Bunge la Malodi lilikubali kwamba bila maneno yale mrithi si lazima atoke mwilini mwa Edward, anaweza kutoka pembeni. Akapewa William Courtenay wa Powderham. Babu aliyewaunganisha yeye na Edward alikufa 1377.

Kuhusu ushahidi: tangu 2004 kuna daftari rasmi la wenye vyeo hivi, na asiyeandikwa humo hatambuliwi kwa cheo chake katika hati za serikali. Mwana wa marehemu hupeleka cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha ndoa ya wazazi na cheti cha kifo cha baba. Binamu wa mbali ana kazi kubwa kuliko hiyo. Kuonyesha kwamba yeye ni wa ukoo ni nusu tu. Nusu ngumu ni kuonyesha kwamba kila mwanamume aliye mbele yake alikufa bila kuacha mwana wa halali. Kijana mmoja aliyekwenda Kanada au Australia zamani, kifo chake kisipojulikana, anaweza kusimamisha dai zima. Vyeti vya serikali vinaanza Julai 1837 England na 1855 Uskoti; kabla ya hapo unategemea vitabu vya kanisa, ambavyo vingine vimeliwa na unyevu.

Linganisha pia tarehe ya ndoa na ya kuzaliwa. Kwa cheo cha England, mtoto aliyezaliwa kabla ya wazazi kuoana harithi hata wakioana baadaye, Uskoti anaweza. Wa kuasili harithi. Na siku hizi kuna DNA: katika kesi ya Pringle wa Stichill, cheo cha baronet (cha kurithi, lakini chini ya Baron) cha 1683, vipimo vilionyesha kwamba baronet wa 9 hakuwa mtoto wa yule wa 8, na mwaka 2016 Baraza la Washauri wa Malkia likatamka kwamba cheo ni cha mlango wa mdogo wa huyo wa 9.

Nitumie ule mti wa ukoo uliosema unauchora. Kila jina liwekee tarehe ya ndoa na ya kifo, na waliokufa bila wana wapigie msalaba mdogo. Usiwaache mabinti, kwani kwa upande wa Erroll utawahitaji.

Wasalimie wote.

Wako,
Hamisi