Nimjibu nini mwanangu?

Mhariri,

Kampeni zimepamba moto hapa Wete. Juzi nilikwenda mkutano wa chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo na mwanangu, ambaye ndiyo kwanza anapata umri wa kupiga kura. Watu tele, bendera kila mnazi. Njiani kurudi akaniuliza: "Baba, na wakiufuta tena uchaguzi?"

Sikuwa na jibu. Mwaka 2015 nilipanga foleni tangu alfajiri. Tarehe 28 Oktoba, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuufuta uchaguzi wote wa Zanzibar. Kura ya Rais wa Muungano, tuliyopiga siku ileile, ikabaki halali! Marudio ya Machi 2016 CUF, chama chetu cha upinzani wakati ule, wakasusia, nami nikashinda kondeni napalilia muhogo.

Viongozi wa upinzani, dhulma hiyo hatuhitaji kuhadithiwa, iliturukia sisi. Tuambieni mawakala wenu wamefunzwa nini, nani atakaa kituoni siku ya kura ya mapema, ile ya kabla ya siku yenyewe, na fomu za matokeo mtazihifadhi vipi. Mwaka 2019 tulishusha tanga, tukapandisha tanga, kumfuata kiongozi wetu Maalim Seif kutoka CUF kwenda ACT-Wazalendo. Mungu amrehemu, tangu Februari 2021 hatunaye, na kulitaja jina lake jukwaani kila baada ya sentensi mbili hakutalinda sanduku. (Hata bei ya karafuu hamkuigusa, na mko Pemba!)

Mimi nitakwenda kupiga. Mwanangu anasema ataangalia.

Mpiga kura,
Wete, Pemba