Usikate majina

Mwanangu,

Sopai. Hapa Longido hatujambo, isipokuwa mbuzi wawili wana kikohozi. Baba yako anakusalimu.

Wimbo uliotuma kwenye simu tumeusikia wote. Umetia ngoma na kinanda. Haya, ngoma yetu Wamaasai ni koo na kifua, olaranyani anaanzisha na wenzake wanavuma chini yake, lakini vijana wa mjini mna yenu, sikugombezi. Kilichoniuma ni ule ubeti mrefu. Unasema studio walikuambia uuondoe, unachosha, ni majina matupu.

Ni majina, kweli. Mahali kwanza, Gelai, Ketumbeine, Engaruka, halafu rangi za ng'ombe, halafu koo zilizotupokea. Mwaka 2009, ukame ulipofagia mifugo Longido, Monduli na Ngorongoro, baba yako alihama na ng'ombe waliosalia akifuata ubeti huohuo: wapi pana chumvi, wapi maji yanachimbwa mchangani, nani ana osotua nasi, yaani undugu wa kusaidiana. Ukimwomba mtu kwa osotua hakunyimi akiwa nacho, wala hakuandikii deni. Alipofika boma asilolijua hakujieleza sana, aliimba. Mzee mmoja akaitikia kwa kumtaja fahali wa marehemu baba yake. Tukapewa mitamba miwili. Hawa tunaokamua leo ni uzao wao.

Usidhani nasema wimbo unaleta mvua. Mwaka 2021 kina mama tuliimba chini ya oreteti, mti wetu mtakatifu, mpaka sauti zikakauka, na vuli ikapita hivihivi. Majira yamevurugika. Baadhi ya mahali panapotajwa hapana nyasi tena, kwingine pamelimwa. Kwa hiyo ubeti nao unahama: koko, bibi yako, ameongeza alalili yetu, malisho tunayowatengea ndama na ng'ombe wagonjwa, na morani wameingiza bomba la maji ya Mto Simba, kutoka kule Siha. Bomba ndani ya wimbo wa ng'ombe! Nilicheka, lakini kiangazi ndiko tunakonywesha.

Basi rudi studio. Ngoma waache nayo wakitaka, ila ubeti uingie mzima. Nimekurekodia sauti ya koko. Kuna mahali anakohoa; usipafute, Engaruka iko hapohapo. Na unitumie bando, hili limeishia kwenye kukutumia hiyo sauti.

Yeyo wako