Muulizeni Anayeitwa: Barua ya Wazi kwa Watangazaji na Waandishi Vijana

Wanangu,

Marahaba kwa shikamoo zenu, na natumaini hamjambo. Nilifundisha Kiswahili mpaka nikastaafu, na siku hizi redio ndiyo inayonikalisha macho. Nawasikiliza wa Tanga na wa Dar es Salaam, na usiku hali ya hewa ikiwa nzuri nawapata hata wa Mombasa. Nawaandikia kwa sababu ya jibu moja nililolisikia hewani. Mama mmoja alipiga simu kulalamika kwamba mtangazaji ametumia neno "zeruzeru" katika utani. Mtangazaji hakumkatia simu wala hakumfokea. Alimjibu kwa upole kabisa: "Mama, neno hilo limo kwenye kamusi." Kisha akaweka wimbo.

Jibu lile limeniuma kuliko utani wenyewe. Ni kweli limo. Nimewafundisha watoto wa watu kufungua kamusi na sitaacha kuisifu. Lakini kamusi hueleza neno lilimaanisha nini siku watunzi walipolikusanya. Haiwezi kukwambia mtu anajisikiaje akiitwa hivyo leo asubuhi stendi ya mabasi.

Wengi wenu mlikuwa wadogo mwaka 2007 na 2008, mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhika kasi Kanda ya Ziwa. Watu waliuawa, wengine wakakatwa viungo wangali hai, kwa imani kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino kinaleta dhahabu machimboni na samaki ziwani. Watoto waliondolewa kwa wazazi wao wakapelekwa kulindwa mabwenini, Buhangija kule Shinyanga na Mitindo kule Misungwi. Hukumu ya kwanza ilitoka Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama ilipowahukumu wanaume watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana. Katika miaka ile zeruzeru halikuwa neno la kueleza rangi ya ngozi tena. Lilikuwa neno linalotangulia panga.

Na halikuwa peke yake. Mitaani watoto wenye ualbino walikuwa wakipita, wanaitwa "dili". Dili! Neno la vijiweni, la kijana aliyebahatisha biashara nzuri. Mtoto aliyetumwa dukani akilisikia nyuma yake alijua kwamba kuna mtu ameshampigia bei. Sijaona kamusi iliyoliandika "dili" kuwa ni tusi, na bado sikumbuki tusi la Kiswahili lililowahi kutisha kama hilo. Mtangazaji anayejikinga kwa kamusi angejibu nini kwa mtoto huyo?

Ndiyo sababu wenyewe wakasema: tuiteni watu wenye ualbino. Hata chama chao cha kitaifa kilibadili jina lake la Kiingereza ili litaje hali waliyo nayo badala ya kumfanya mtu mzima kuwa hali hiyo. Hawakufanya hivyo kwa kupenda maneno marefu. Walikuwa wanazika wenzao.

Sasa nataka mwelewe uchafu huingiaje katika neno, maana nasikia wengine mnasema watu wa leo wamekuwa wepesi wa kuudhika. Tazameni jina letu wenyewe. Enzi za Wajerumani, na kisha Waingereza, Dar es Salaam iligawanywa: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uzunguni palikuwa na nafasi, hewa ya bahari na nyumba za mawe. Uswahilini palibanana, nyumba za udongo na makuti, na maji ya kugombania. Tukaja kurithi "acha uswahili" na "mambo ya kiswahili", kwa maana ya ujanja, umbea na ahadi hewa. Mswahili alifanya nini? Alipewa mtaa usiohudumiwa, mtaa ukadharauliwa kwa kutohudumiwa, na dharau ikarudi juu ya jina lake. Nasi tunaozungumza lugha hii tunalitumia hivyo bila hata kupepesa macho.

Mhuni naye ni hivyohivyo. Katika kamusi za zamani ni mtu asiye na makao, au asiyeoa. Wakoloni walipoanza kuwakamata vijana wasio na kazi mjini na kuwarudisha mashambani, mhuni akawa mhalifu kabla hajafanya kosa. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi ya kuwaondoa mjini wasio na kazi, tukawakamata sisi wenyewe, na neno lilikuwa tayari linatungoja.

Kafiri nalo limesafiri. Kwetu ni neno la dini, na linauma kiasi chake. Lakini liliteremka pwani pamoja na wafanyabiashara, Wareno wakalichukua, likafika kwa Makaburu, na kule kusini likawa jina la kumtukana kila mtu mweusi. Mwaka 2018 mahakama ya Afrika Kusini ilimhukumu kifungo mwanamke aliyemtupia neno hilo askari polisi mweusi aliyekuwa amekuja kumsaidia. Mmoja wenu akitumwa kuripoti kutoka Johannesburg, asije akajitetea kwamba kwao ni Kiarabu.

Mtaniuliza: basi tutupe kila neno la zamani? Hapana, na hapa ndipo nawaomba msikilize vizuri. Viziwi wa Tanzania wana chama chao, CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Wamelishika neno "kiziwi" kwa mikono miwili, maana kwao linataja watu wenye lugha yao ya alama. Wanalolikataa ni "bubu", linalowafanya waonekane hawana la kusema. Wenzao waliokuwa wakiitwa vilema wakaenda njia nyingine: walemavu, kisha watu wenye ulemavu, na Sheria ya mwaka 2010 ikaandikwa hivyo. Kuna wasomi wanaodai kwamba kosa liko kwenye ile "ki-" ya kilema na kipofu, kwa kuwa ni ngeli ya vitu. Mimi sikubali. Tunasema kipofu amekuja, hatusemi kimekuja. Kijana na kiongozi wana "ki-" hiyohiyo na hakuna anayelalamika. Na kama kosa lingekuwa kwenye sarufi, viziwi wangeshalikimbia jina lao zamani. Hakuna kanuni ya sarufi itakayowapunguzia kazi ya kuuliza. Kila kundi lina historia yake, na ni wao wanaojua ni jina gani lilipigwa kelele wakati wakirushiwa mawe.

Kuna neno jingine linalonigusa kama mtu wa pwani. Kwa mama zetu wa Tanga, Mombasa na Unguja, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke mwenzake: wa kusukana nywele, wa kutunziana siri, wa kushona sare naye kwenda kwenye taarabu. Leo bibi akimwita mwenzake "shoga yangu" ndani ya daladala, konda anaangua kicheko, kwa sababu neno limegeuzwa la kuwatukania wanaume. Bibi yule hana kosa lolote. Anasema Kiswahili alichonyonya. Anayelitumia kama tusi anamdhalilisha anayemtukana, na papo hapo anamnyang'anya bibi neno lake la mapenzi. Kwa hiyo mkipokea simu ya mtu mzima hewani akataja neno ambalo nyinyi mmeshaliacha, msimwaibishe mbele ya nchi nzima. Mjibuni kwa neno jipya, mwendelee na mazungumzo. Atalisikia. Wala msizifute methali. "Mcheka kilema hafi bila kumfika" ilitungwa kumlinda mtu huyohuyo, na mkibadilisha maneno yake mtakuwa mmewafundisha watoto kwamba wahenga hawakuwa na huruma.

Jambo ambalo nisipowaambia barua hii haina faida ni hili: neno jipya nalo huchafuka. Ukimwi ulipoonekana Kagera mwaka 1983, watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiuzwa mpakani. Baadaye mitaani ikawa "ana ngoma", "amekanyaga miwaya". Tukaona tulete neno la staha, tukasema mwathirika. Nakumbuka tulivyolipenda, na tulilifundisha darasani kwa nia njema kabisa. Haukupita muda mrefu, likawa linanong'onwa kwa sauti ileile ya miwaya. Wenyewe wakalikataa: mtu anameza dawa zake, anakwenda kazini, analea wanawe, kwa nini aitwe kwa neno la aliyekwisha? Ndipo tukapata watu wanaoishi na virusi, WAVIU. Hilo nalo likianza kunong'onwa, msiwalaumu watakaotaka jingine. Chunguzeni wanaonong'ona.

Hausigeli ni mfano ulio ndani ya nyumba zenu. Tumetoka kwenye hausigeli tukaja kwa dada wa kazi, na nikafurahi, kwa kuwa dada ni neno la nasaba. Vijana wakaongeza "beki tatu" wakicheka. Lakini dada huyu bado analala jikoni katika nyumba nyingi, anaamka wa kwanza na kula wa mwisho, na mshahara wake unakatwa akivunja sahani. Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 2011 unamtaja kuwa mfanyakazi kama wafanyakazi wengine, mwenye haki ya kupumzika. Tukiendelea hivi, siku moja "dada" litakuwa tusi, na wasichana wetu watakataa kuitwa hivyo hata na kaka zao. Sipendi kulifikiria jambo hilo, lakini nimeshasikia msichana akijibu, "Mimi si dada wa mtu."

Wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza. Hakubadilisha jicho la mwenzake. Alipenda kwanza, jina likafuata. Nyinyi mna maikrofoni na mna ukurasa wa mbele, na mnaweza kuanza na mambo madogo. Mgeni akiingia studio, kabla taa nyekundu haijawaka, mwulizeni angependa kutambulishwa vipi, na mlishike alilosema hata kama kamusi ina jingine. Mkiandika habari, jiulizeni kama ulemavu au ugonjwa wa mtu unahusika na habari hiyo. Kama hauhusiki, uacheni.

Na kila tarehe 13 Juni, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, nawasikia mkiwaita daktari na mkuu wa wilaya, na mwenye ualbino anapewa dakika za mwisho kushukuru. Mpeni kipindi kizima. Kisha mwiteni tena mwezi wa nane, azungumzie bei ya mahindi au mechi ya Simba na Yanga, na mmtambulishe kwa jina lake na kazi yake tu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Tanga