Miaka 19 nikiwa jirani

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzangu wa Masasi aliandika kwenye ukurasa huu akitaka mkoa wa Mtwara uletewe shindano la kusaka vipaji vya filamu, na sisi tupate nyota wetu. Sina ugomvi naye. Ila mimi naigiza mwaka wa 19 huu, nakaa Mikindani, asubuhi nauza vitumbua na chai, na mtu akinisimamisha njiani husema, "Mama, wewe nimekuona wapi?" Jina hajui. Nimekuwa jirani, nesi, mama mkwe, mfiwa, na mara moja maiti, kazi iliyonishinda kuliko zote kwa sababu nzi wa ufukweni hawajali kama kamera inawaka. Kwa vitumbua na kwa ujirani huo nimesomesha watoto wawili.

Vijana wanaonijia wote wanataka kuwa Kanumba, yule nyota wa filamu aliyefariki mwaka 2012 wengine wao wakiwa chekechea. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza anayecheza jirani anaishije mjini.

Nilianzia kwenye maigizo ya UKIMWI, tukizunguka mashuleni na sokoni, Nanyamba hadi Tandahimba. Kule unajifunza kupaza sauti imfikie yule wa nyuma aliyekaa juu ya baiskeli. Siku ya kwanza mbele ya kamera nilipaza hivyo hivyo, mtu wa sauti akavua spika zake za masikioni. Mwongozaji akanambia, "Mama, mwenzio yuko hapo hapo, mwambie yeye." Hilo ndilo somo zima la uigizaji wa kamera nililowahi kupewa na mtu. Mengine nimeyaokota.

Sini moja hurudiwa mara nyingi: kwa mbali, kwa karibu, kisha kamera ihamie kwa mwenzako. Kama ulikunywa chai kwa mkono wa kulia baada ya neno "msiba", utainywa kwa mkono huo huo baada ya neno hilo hilo hata mara sita, chai ikiwa imeshapoa na imeshika utando wa maziwa. Ukikosea, mhariri wa picha hawezi kuunga vipande, na akitafuta cha kutupa hatupi cha steringi, yaani mhusika mkuu, anatupa chako. Ndiyo maana napiga picha fundo la kanga yangu kwa simu kabla sijavua. Sini iliyoanza Jumatatu yaweza kumaliziwa Alhamisi. Nabeba kanga pea tatu, zote zilizofifia. Jirani aliyevaa mpya kila siku huyo anaenda harusini. Halafu kuna kusikiliza. Steringi analia dakika mbili, wewe umekaa kwenye mkeka huna neno hata moja. Vijana hapo hufikiri wamepumzika, wanachezea vidole. Mimi hapo ndipo ninapochoka.

Nikiwa msichana, kabla Daraja la Mkapa la mto Rufiji halijafunguliwa mwaka 2003, masika yakikaza hakuna ambaye angewaza kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya sini mbili. Siku hizi unapanda basi alfajiri, jioni umefika. Mwaka juzi nilikwenda hivyo kucheza mke wa mlinzi. Mlinzi Mmakonde, mkewe Mmakonde, mtazamaji acheke. Mwongozaji, kijana mpole tu, akaniomba niongee kama Mmakonde. Nikaongea Kiswahili cha mama yangu Mmakonde, Mungu amrehemu, "ntoto" na "nnazi", taratibu, bila haraka na mtu. Akasema, "Hapana mama, Wamakonde hawaongei hivyo." Nikamuuliza, "Mwanangu, wewe kabila gani?" Lokesheni nzima ikacheka, naye akacheka. Kisha nikampa kile alichokizoea kwenye vichekesho, "chijui", "chitaki", nikalipwa, nikapanda basi. Ilipoonyeshwa kwenye runinga sikumwita mtu yeyote aje kutazama.

Tangu hapo nikipewa skripti natafuta kwanza kama huyo mwanamke ana jina. Akiwa ameandikwa "Mmakonde wa kike" basi, namwombea jina. Wengi hukubali, maana haliwagharimu kitu. Na nimeona kwa macho yangu kwamba akishapata jina, hata maneno yake hubadilika.

Sasa pesa, jambo ambalo msomaji wa Masasi hakuligusa kabisa. Kuna kundi lilikuja kushuti huku kwetu, tukachukuliwa watu 11. Bwana mmoja mwenye daftari akaandika majina, akasema malipo picha ikiuzwa. Siku nne tulikula wali na maharage, na vijana wawili wavuvi wakatoa na mtumbwi wao. Picha nilikuja kuiona kwenye simu ya mpwa wangu. Nikasubiri hadi majina ya mwisho. Dereva yupo, mpishi yupo. Sisi tumeandikwa "Wananchi wa Mikindani".

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999, na hilo neno la pili, hakishiriki, yaani haki ya msanii juu ya kile alichokicheza, ndilo linalotuhusu waigizaji. Mwenyewe nimelifahamu nikiwa nimeshapita miaka 40. Mchekeshaji Mzee Majuto alipougua mwaka 2018 ndipo taifa likaanza kuuliza mikataba yake ya matangazo imekaaje, na yule alikuwa anajulikana nchi nzima. Fikiria mfiwa wa tatu kutoka kushoto.

Shindano likija, lije. Ila ombi langu kwa maofisa utamaduni wa huku ni dogo zaidi. Kundi likionyesha kibali cha Bodi ya Filamu, waulize pia karatasi ya makubaliano na watu wa hapa: anacheza nani, siku ngapi, analipwa kiasi gani na lini, nauli ya nani, na jina lake litaandikwaje mwishoni. Ukurasa mmoja unatosha, hata kwa mkono. Na kama fedha za shindano zipo kweli, zimlete mwalimu kutoka TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, akae Mtwara mwezi mmoja afundishe vijana kunywa chai mara sita.

Jina langu naomba ulihifadhi, Mhariri. Mwezi ujao nina siku tatu za kushuti, mimi ni shangazi wa bwana harusi, na nimeambiwa karatasi nitaikuta huko huko.

Jirani,
Mikindani, Mtwara