Mizinga ya Tanga: barua kwa Meja

Ngamiani, Tanga
9 Oktoba

Ndugu yangu Meja,

Baada ya salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wajukuu wote walioko hapo Songea, napenda kukujulisha kuwa sisi huku hatujambo, ila magoti yangu yameanza kunidai ngazi nilizopanda ujanani. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Uliniuliza kama hiki chama chetu ni cha wanajeshi au ni cha wapenda historia, na mimi nilingoja hadi sisi wenyewe tuafikiane, kwa kuwa maofisa wastaafu wa kanda hii walitaka uanachama uishie kwa wenye kamisheni, nasi tusiowahi kuvaa gwanda tukae pembeni kama wageni waalikwa. Nilipinga, nikauliza kama koplo aliyevuka Kagera mwaka 1979 hana la kusimulia. Hilo limekwisha: koplo yumo, mwalimu wa shule yumo, na muuza kahawa wetu naye amejiandikisha.

Linalonifanya nikuandikie leo ni jingine. Tarehe 4 Novemba tumekusudia kutembea kwa miguu kutoka Raskazone hadi mjini, kwa njia waliyoipita askari wa Jenerali Aitken wa Uingereza mwaka 1914, na tunamtaka mtu anayeijua kazi ya vita atueleze palepale, ardhini, kwa nini watu wapatao 8,000 waliotoka India kwa meli walishindwa na watu wapatao 1,000 wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani.

Ukimwuliza mtu yeyote hapa mjini, atakujibu kuwa ni nyuki. Mizinga ilikuwa imetundikwa mitini, milio ya bunduki ikawachokoza, nao wakawashukia askari hadi baadhi yao wakakimbilia pwani. Kiswahili chetu kimeisaidia sana hadithi hii, maana ukisema kuwa Waingereza walipigwa kwa mizinga, msikilizaji huchagua mwenyewe kama ni ya chuma au ya asali. Wako Waingereza waliodhani kuwa Wajerumani waliwatega nyuki hao makusudi. Lakini nyuki hawakuuliza mtu kabila wala bendera; waliwauma na wa upande wa pili pia, hata wapiga bombomu wa Kijerumani wakaziacha silaha zao.

Mwezi uliopita tuliitandaza ramani mkekani, tukaizuia pembe zake nne kwa vikombe vya kahawa. Sajini mmoja mstaafu akaweka kipande cha kashata pale ilipo stesheni, akasema, “Nyuki wenu ni hawa.” Tulinyamaza, kisha tukaanza kuhesabu. Manowari ya Kiingereza, Fox, iliingia bandarini tarehe 2 Novemba, ikataka mji usalimu amri, na baada ya hapo ikatoka. Waliotumwa mbele asubuhi ya tarehe 3 walirudishwa nyuma, na shambulio kubwa halikufanyika hadi alasiri ya tarehe 4. Katika muda huo wote, reli ya kilomita 352 iliyokuwa imefika Moshi mwaka 1911 ilikuwa ikiwateremshia Wajerumani askari, kombania baada ya kombania. Mimi nakubaliana na sajini: aliyebisha hodi alimpa mwenyeji nafasi ya kuwaita jamaa zake. Hata hivyo, mimi ni mtu wa karatasi. Wewe ndiwe utakayesimama kwenye mtaro wa reli, utazame uwanda, na utuambie kama bunduki za zamani za askari wa Kijerumani, zile za mwaka 1871 ambazo kila risasi iliacha wingu la moshi, ziliwadhuru au ziliwasaidia.

Napenda pia utusaidie kuwatazama waliopigana, siyo majenerali peke yao. Tunamjua Tom von Prince, yule ofisa wa Kijerumani aliyeitwa Sakarani, kwamba aliuawa siku ileile. Tunajua kuwa upande wa Uingereza walikufa watu 360, na kwamba walipopanda tena melini tarehe 5 waliacha risasi zaidi ya 500,000. Lakini ni Wanyamwezi, Wamanyema na Wasudani walioushikilia mji ule kwa amri ya Mjerumani, na waliobeba mizigo katika miaka minne iliyofuata wamebaki katika jina la Kariakoo tu, jina ambalo wauza nyanya na wanunuzi hulitamka kila siku bila kujua kuwa chanzo chake ni kikosi cha wapagazi, Carrier Corps kwa Kiingereza. Nimependekeza chama kianze kuandika simulizi za familia zenye babu wa aina hiyo, na wajumbe wawili wameshaleta daftari. Maofisa wanasema hiyo si historia ya kijeshi. Nakuachia wewe uwajibu, maana mimi wameshanichoka.

Utafikia kwangu, chumba cha uani kimepakwa chokaa na chandarua ni kipya. Njoo walau siku mbili kabla, uipitie njia kwanza ukiwa peke yako, kwa sababu nyumba zimejaa mahali palipokuwa na mashamba na utahitaji muda wa kuyazoeza macho yako. Uje na dira yako ile ya jeshini na viatu vigumu. Tutaondoka Raskazone saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijachachamaa, na nimemwomba mwenye shamba la njiani atuonyeshe mahali alipotundika mizinga yake, ili tupite mbali nayo.

Wako akupendaye,
Mwalimu